Baba wa Simuni

Katika nyumba moja ya kupanga huko Kahawa Magharibi, viungani mwa jiji la Nairobi, alikuwamo mtoto wa kiume wa miaka miwili na miezi minne aliyeijua maana ya neno baba pasipo shaka yoyote. Baba ilikuwa simu. Si simu yoyote tu, bali ile ya mama yake, nyeusi, yenye ufa katika pembe moja ya kioo. Ilipolia jioni, mama au yaya alipaza sauti: "Baba huyo! Njoo umwamkue baba!" Naye mtoto akaja mbio, akaishika kwa mikono miwili, akakibusu kioo hata kikalowa mate, kisha akarudi kwenye sufuria zake na vifuniko vyake. Simu ilipozimika kwa kuishiwa na moto, mtoto aliilaza juu ya mto na kutangaza, "Baba lala."

Mwanamume aliyekuwa ndani ya kile kioo alikuwa mwalimu wa shule ya upili ya bweni katika Kaunti ya Turkana, mwendo wa saa kadhaa kutoka Lodwar. Basi la kumleta nyumbani lilipitia Kainuk, Ortum, Kapenguria na Kitale kabla ya kuikabili safari ndefu ya Nairobi, na mtu aliyeabiri jioni alifika kesho yake akiwa na vumbi hata katika kope. Alikuja mara tatu kwa mwaka, shule zilipofungwa, na hata hizo likizo zilikuwa na desturi ya kumegwamegwa: wiki moja ya masomo ya ziada kwa watahiniwa, siku mbili za mkutano wa idara, siku mbili za njiani. Alikuwa ameomba uhamisho mara mbili. Majibu yalikuja kwa lugha ya adabu.

Agosti hiyo alifika asubuhi na mapema, akiwa na begi moja na furushi la samaki wakavu wa Ziwa Turkana. Mtoto alimchungulia kutoka nyuma ya sketi ya yaya. Alikuwa amefunzwa heshima, basi akaamkua kama alivyowaamkua bawabu, muuza maji na kondakta wa matatu: "Anko." Mwanamume akacheka. Jioni, walipokwisha kula, simu ya mama ilikuwa kimya juu ya meza. Mtoto akaitwaa, akaibusu, akaiita "Baba," akaiweka sikioni na kuipigia porojo ndefu isiyoeleweka, ilhali mwanamume mwenyewe ameketi kwenye kochi, hatua mbili kutoka hapo. Mama naye akacheka, kisha akautazama uso wa mumewe, na kicheko kikamkauka.

Neno hilo anko linastahili kutazamwa kidogo. Kiswahili kina ufundi wa kuwapanga wanaume wanaomzunguka mtoto: mjomba ni ndugu wa mama, ami au baba mdogo ni ndugu wa baba, na kila mmoja ana haki zake, utani wake na wajibu wake. Anko wa Nairobi amezifagia tofauti hizo zote kwa ufagio mmoja. Ni jina la kila mwanamume aliyevuka umri wa kuitwa kaka. Lina adabu, na halimfungi mtu kwa lolote. Mtoto huyu hakukosea alipolitumia. Alikuwa amelichagua neno sahihi kabisa kwa mwanamume mpole, mgeni, aliyeleta zawadi.

Usiku ule ndipo wazo la safari lilipozuka, na aliyelizua ni mama. Alikuwa karani katika ofisi ya uhasibu, na alikuwa na siku chache za likizo alizokuwa akizihifadhi kwa ajili ya dharura. Akasema hii ni dharura. Mwalimu hakuafiki upesi. Fedha za kwenda pwani zingetosha kununua mabati ya jikoni kwa mama mzazi, na isitoshe, mama mzazi mwenyewe alikuwa akiwatarajia mashambani. Kwa watu wengi wa kizazi chao, safari ya familia ilikuwa na maana moja tu: kwenda ushago, mmebanana ndani ya matatu pamoja na unga na sukari, mkakae uani kwa watu na kujibu maswali. Kusafiri bila mwenyeji, bila mazishi wala harusi, kwenda tu kukaa pamoja, kulionekana kama uvivu unaolipiwa. Magazeti hukuita kujivinjari, na ni kichekesho kidogo cha lugha kwamba kuvinjari, kwa maana yake kongwe, ni kupita huku na huko kwa tahadhari kama askari wa doria. Yeyote aliyewahi kusafiri na mtoto wa miaka miwili atakubali kuwa maana kongwe ndiyo ya kweli.

"Ushago atabebwa na shangazi zake kumi," mama alisema. "Wewe utampatia wapi?"

Hoja hiyo haikujibika. Wakakubaliana juu ya siku tatu, malazi ya usiku mbili, Mombasa.

Walisafiri kwa Madaraka Express, treni ya reli mpya iliyozinduliwa mwaka wa 2017 na kuizika ile ya zamani ya usiku kucha. Nauli ya daraja la pili, ambayo tangu Januari 2024 ilikuwa imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, waliilipia watu wawili tu, kwani mtoto asiyetimiza miaka mitatu halipiwi. Halipiwi, na kwa hiyo hapewi kiti. Kwa muda wa saa sita hivi kiti chake kitakuwa mapaja ya wazazi, na hesabu ya mama ilikuwa kwamba nusu ya saa hizo zitakuwa za mapaja ya mwalimu.

Waliondoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri ili wawahi treni ya saa mbili. Katika kituo cha Syokimau abiria huamriwa kuiweka mizigo chini kwa mstari, kisha wasogee nyuma ili mbwa wa polisi wapite wakiinusa. Watu wazima husimama pale kwa kimya cha washukiwa. Mtoto alishangilia. Mbwa alipolinusa begi la nepi kwa muda uliopita kiasi, alipiga makofi, na askari mmoja akageuka pembeni kuficha tabasamu.

Ndani ya behewa viti hutazamana, vitatu upande huu na viwili upande ule, na kijimeza kati yake, hata magoti ya wageni hujuana kabla ya majina. Abiria waliowakabili, mzee mmoja na binti yake, walionekana watu wa subira, na subira yao ilitumika yote kabla ya Emali. Mtoto aliangusha uji. Alivua kiatu kimoja, akakitupa chini ya kiti, akakililia. Treni ilipoingia nyika ya Tsavo na abiria wakaanza kunyanyuka na simu zao kuwapiga picha ndovu, ndovu wenyewe wamejipaka udongo mwekundu na kusimama karibu na tuta la reli kama waliolipwa, baba alimwinua mtoto dirishani na kumwonyesha kwa kidole. Mtoto akakitazama kidole. Ndovu hawakumshughulisha hata kidogo. Kilichomshughulisha ni zipu ya mkoba wa binti wa mbele, aliyoifungua na kuifunga tangu Mtito Andei hadi Voi kwa bidii ya fundi.

Zamu ya mapaja haikwenda kama ilivyokusudiwa. Kila alipokabidhiwa kwa mwalimu, mtoto alivumilia dakika tano kwa adabu, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeketishwa kwenye kiti cha daktari. Kisha akanyoosha mikono kwa mama. Alipolala, baada ya Voi, alilala kwa mama. Mwalimu alikaa akivishika viatu viwili vidogo mikononi hadi Miritini.

Chumba chao kilikuwa upande wa Bamburi, cha bei ya wastani, chenye kibaraza na kamba ya kuanikia nguo. Walipokwenda kuiona bahari jioni ile, maji yalikuwa yamekupwa, na badala ya mawimbi waliyomwahidi mtoto kulikuwa na uwanda mpana wa mchanga, mwani na mawe. Upepo wa kusi ulivuma kwa nguvu. Mtoto aliutazama uwanda ule, akasema "Chafu," akaomba kurudi. Na hiyo ndiyo habari yote ya siku ya kwanza, ukiacha kwamba hakuna aliyelala kabla ya saa saba usiku, maana mtoto anayehamishiwa kitanda kigeni huona ni haki ya kila mtu kuwa macho pamoja naye.

Siku ya pili mama aliamka na kipandauso. Kilikuwa kimemwandama tangu usichana, na alijua dawa yake ni giza na kimya, vitu viwili visivyopatikana katika chumba chenye mtoto. Akajifunga leso kipajini, akamtazama mumewe. "Mwalimu, nenda naye," akasema. "Nepi zimo begini. Maji yamo. Akilia, atanyamaza."

Walikwenda kwenye ufuo wa umma, ule uitwao Jomo Kenyatta, ambako siku za mapumziko watu huwa wengi kama siku ya soko: wakodishaji wa matairi ya kuogelea, ngamia wenye matandiko ya rangi, wapiga picha, wauza achari na maembe yenye pilipili. Kwa nusu saa mambo yalikuwa shwari. Bahari sasa ilikuwa imejaa na kurudi kuwa bahari. Mtoto alikubali kuchovya miguu. Alikubali hata kushikwa mkono. Kisha ngamia mmoja akapita karibu mno na kukoroma, na mtoto alipogeuka kumtafuta mama yake, hakumwona.

Kilio kilichofuata kilikuwa cha aina ambayo wazazi huitambua kwa mbali, kisicho na machozi kwanza, pumzi imekatika, uso umebadilika rangi. Kisha sauti ikaja. "Mama! Mama!" Mwalimu akamwinua, mtoto akajipinda kama upinde, akamsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili. "Anko, wacha! Anko, wacha!" Mwanamume akaanza kutembea haraka kuelekea barabarani, akiwa amemkumbatia kwa nguvu mtoto anayepiga mateke, na hakutambua, hadi alipokuwa amechelewa, jinsi picha ile ilivyoonekana machoni pa watu.

Aliyemzuia ni mama mmoja muuza viazi karai. Aliliacha karai lake likichemka, akasimama mbele yake.

"Samahani, babangu. Mtoto huyu ni wako?"

"Wangu."

"Mbona akuita anko?"

Vijana wawili wa matairi walikuwa wamesogea. Mmoja hakusema kitu. Mwingine alikuwa ameshikilia pampu ya chuma. Nchini Kenya kila mtu anajua, ingawa hupenda kusahau, jinsi umati unavyokua na jinsi unavyohukumu, na kwamba sauti moja tu ikipaza neno "mwizi" hakuna tena anayeuliza swali la pili. Mwalimu alilijua hilo. Alitia mkono mfukoni na kutoa kitambulisho; kilisema jina lake na mahali alipozaliwa, lakini hakikusema neno lolote juu ya mtoto. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa Kahawa Magharibi, ndani ya bahasha, chini ya godoro. Alikuwa mtu aliyezoea kutia sahihi kuthibitisha kwamba wanafunzi mia na zaidi ndio wale wanaosema ndio, na sasa hakuwa na mtu wa kumtilia sahihi yeye. Shahidi pekee aliyekuwapo alikuwa mikononi mwake, naye alikuwa akitoa ushahidi kinyume chake kwa sauti kuu.

"Nitampigia mama yake," akasema. Akapiga kwa video. Mtandao ulizungukazunguka kwa muda ambao baadaye alishindwa kuukadiria.

Uso wa mama ulipotokea, leso kipajini, macho yamekunjwa kwa maumivu ya mwangaza, mtoto alinyamaza ghafla. Si kwa faraja. Ni kwa mshangao. Mama alikuwa ndani ya baba. Akakigusa kioo kwa kidole kimoja. Akaishika simu, akaigeuza, akatazama mgongoni mwake, akairudisha.

"Ni nini?" mama akauliza. Mumewe akamweleza kwa maneno manne au matano. Pale muuza viazi alipoinamia simu na kusema, "Dada, huyu bwana wamjua?" mama alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwa sauti ambayo mwalimu hakuwahi kuisikia kwake. "Huyo ni mume wangu. Na huyo ni baba yake." Halafu akamgeukia mtoto. "Baba ni huyo uliye naye. Si huyu wa simu. Huyo aliyekubeba."

Mtoto akautazama uso wa kiooni, kisha akainua macho kuutazama uso uliokuwa juu yake, wenye ndevu za siku mbili na jasho. Alitazama kwa muda mrefu. Hakusema kitu, ila kwikwi za kilio ziliendelea kumtikisa mabega.

"Basi, baba," muuza viazi akasema, sasa kwa upole. "Usilie, baba. Yamekwisha." Kwa nukta kadhaa mwalimu alidhani anaambiwa yeye, na huenda macho yake yalikuwa na sababu ya kuambiwa. Kumbe mama yule alikuwa akimbembeleza mtoto. Ndivyo wanavyosema watu wa pwani, na wengi wa bara pia: mtoto wa kiume huitwa baba na wa kike huitwa mama, kana kwamba cheo hicho kinawangoja na hakuna haja ya kuchelewa kuwakabidhi. Ni mapenzi makubwa, lakini kwa mtoto huyu yalikuwa fumbo juu ya fumbo. Baba alikuwa simu. Sasa ameambiwa ni anko. Na hapo hapo, ameambiwa ni yeye mwenyewe.

Vijana wakaondoka. Muuza viazi alirudi kwenye karai, akachagua kiazi kisichoguswa na pilipili, akakipuliza, akamkabidhi mtoto. Alikataa kulipwa. "Unisamehe," alimwambia mwalimu, "lakini ningeuliza tena." Mwalimu alisema kweli, na uulize tena. Alimaanisha. Mtu anaweza kudhalilishwa na bado akaona kwamba aliyemdhalilisha ndiye aliyefanya kazi ambayo yeye mwenyewe, akiwa kilomita mia saba kutoka kwa mwanawe, humwachia yeyote apitaye.

Njiani mtoto alipandishwa mabegani, si kwa kubembelezwa bali kwa sababu mikono ya mwanamume ilikuwa imechoka. Huko juu aligundua nywele, akazishika kwa ngumi mbili. Alipofika mlangoni pa nyumba ya wageni, mwalimu alihisi uzito ule umebadilika, na mate ya uvuguvugu yakimtiririka utosini. Mtoto alikuwa amelala. Kumshusha kungemwamsha. Basi mwanamume akasimama barazani, shingo imeinama, kwa muda wa nusu saa na ushei, na wapitao wakamsalimu kwa kunong'ona.

Usiku, mama alipopata nafuu, waliyapitia tena yaliyotokea, polepole, kama watu wanaopapasa mfupa kuona kama umevunjika.

"Aliniita anko mbele ya ufuo mzima."

"Na ni nani aliyewahi kukuita baba mbele yake?" mama akauliza. Hakuwa akimlaumu. Alikuwa amelala gizani mchana kutwa akilifikiria jambo hilo. Yeye humwita Mwalimu, kwa utani ulioanza siku za uchumba. Yaya, kwa kumfuata mwajiri wake, humwita Mwalimu. Majirani humwita Mwalimu. Neno baba halikupata kutamkwa katika nyumba ile isipokuwa simu ilipolia, kidole kikielekezwa kwenye simu. Mtoto alikuwa amefanya kile hasa ambacho wanaisimu hutwambia watoto hufanya: amelisikia neno, amekitazama kitu kilichoonyeshwa, ameviunganisha. Hakuna mwanafunzi aliyefuata mafunzo kwa uaminifu kuliko yeye.

Mama akajaribu. "Baba," akamwita mumewe gizani, kwa majaribio. Wote wawili wakacheka, maana lilisikika kama jina la mtu mwingine.

Asubuhi ya siku ya tatu mtoto alimkuta mwalimu kibarazani akianua leso kwenye kamba. Upepo ukaipeperusha, mwanamume akapotea nyuma yake kwa nukta moja, akatokea. Mtoto akaganda. Mwanamume akajificha tena, sasa kwa makusudi. Kimya. Kisha sauti ndogo, ya kuamuru: "Toka!" Akatoka. Mtoto akacheka hata akakaa chini. Walicheza mchezo huo mara arubaini kwa hesabu ya mama, aliyekuwa akifunga begi na kuitazama saa, kwa sababu mtoto wa umri ule hachoshwi na kitu kinachotoweka na kurudi alimradi kirudi kila mara. Chai ya mwalimu ilipoa.

Walikuwa wamebakiwa na saa chache kabla ya treni ya saa tisa, wakazitumia katika Haller Park, hapo hapo Bamburi. Mahali pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu wenye chumvi ambao haukuota hata jani, hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mivinje ilistahimili, lakini majani yake makavu yalijilundika pasipo kuoza, basi akaleta jongoo wayatafune. Udongo wa msitu ule, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya jongoo. Mtoto alichuchumaa mbele ya mmoja wao kwa robo saa nzima, na twiga waliokuwa wakilishwa na wageni hatua chache kutoka hapo hawakupata hata nafasi ya kuangaliwa.

Kobe wakubwa hutembea humo bila kufungwa. Mama alisimulia habari za Owen, kiboko mchanga asiyetimiza mwaka, aliyeokolewa baharini karibu na Malindi mara baada ya tsunami ya Desemba 2004 akiwa amepoteana na kundi lake. Alipoletwa pale na kufunguliwa kamba, alikimbilia nyuma ya kobe mmoja wa Aldabra, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 na kuitwa Mzee, akajibanza kama anavyojibanza ndama kwa mama yake. Kobe alimkwepa mwanzoni. Kisha akazoea. Wakala pamoja, wakalala pamoja, wakaogelea pamoja, na picha zao zikazunguka ulimwengu mzima, hadi Owen alipokua na kuhamishiwa kwa kiboko mwenzake wa kike.

Mwalimu aliisikiliza hadithi yote. "Huyo Mzee," akasema, "hakuwahi kupangiwa kazi kaunti nyingine." Mama hakujua kama acheke. Mtoto alikuwa ameweka kiganja juu ya gamba la kobe na kumwambia, kwa adabu zote, "Anko."

Katika treni ya kurudi alikaa mapajani mwa mwalimu kutoka Mariakani hadi mahali fulani baada ya Voi. Baadaye akataka mama. Tena akarudi. Hakuna aliyelizungumzia, kwa hofu ya kulivunja.

Likizo ikaisha. Desturi ya mwalimu ilikuwa kuondoka mtoto akiwa amelala, ili kuepuka kilio. Safari hii alimwamsha, mama akipinga. Mtoto alifumbua jicho moja, akaliona begi, akasema, "Bai, anko," akageukia ukutani. Mwanamume alishuka ngazi peke yake.

Siku mbili baadaye, jioni, simu ililia. "Baba huyo!" yaya akaita kwa mazoea, na mama akafungua kinywa kumkosoa, lakini hakujua amwambie aseme nini badala yake. Mtoto alikuja mbio. Akaishika simu kwa mikono miwili, wala hakuibusu. Akautazama uso uliokuwa ndani, akaigeuza simu, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena. Kule Turkana mtandao ulikuwa ukisuasua. Uso wa mwanamume uliganda, kinywa wazi, katikati ya neno.

Mtoto akakileta kioo karibu na midomo.

"Toka," akasema. Akangoja. "Toka!"